Anayetazamwa naye anatazama: sanaa ya kisasa na dhana tulizombebesha mwanamke

#1 – Mleta mada

Wadau wa sanaa, salaam.

Kila inapotajwa sanaa inayopinga dhana za kijinsia kuhusu mwanamke, wengi wetu hutarajia mchoro wa mwanamke aliyekunja ngumi, misuli imemtoka, nyuma yake jua linachomoza. Picha za namna hiyo ziko nyingi na wanaozichora wana nia njema. Ila binafsi naona hazifiki mbali. Zinamhamisha mwanamke kutoka fremu ya udhaifu na kumtia kwenye fremu ya ushujaa, nasi watazamaji tunabaki vilevile: tumekaa, tunamkagua, tunampa alama.

Kazi zilizonigusa mimi ni zile zinazomgeukia mtazamaji. Zinauliza nani anatazama, nani kapanga pozi, nani kalipa, na ilikuwaje sote tukaona ni jambo la kawaida. Naomba nizilete hapa chache tuzijadili.

Kwanza tujue kinachopingwa. Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, ilianzishwa mwaka 1768, na kati ya waasisi wake walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Mwaka 1771 hadi 1772 mchoraji Johan Zoffany akawachora wanachama wa chuo hicho wakiwa darasani, kwenye somo la kuchora mwili wa binadamu. Chumba kimejaa wanaume, wamesimama makundi makundi wakizungumza, na mwanamume wa kuchorwa yuko uchi mbele yao. Kauffman na Moser hawamo kwenye kundi. Ukitafuta utawaona ukutani upande wa kulia: wamechorwa kama picha mbili zilizotundikwa. Mwanamke kumtazama mwanamume aliye uchi, hata kama ni kazi yake, ilikuwa aibu isiyovumilika. Na bila kujifunza mwili usingeweza kuchora matukio makubwa ya dini na historia, ambayo ndiyo yaliyompa mchoraji jina na fedha. Wanafunzi wa kike wa chuo kile waliruhusiwa kumchora mtu aliyevuliwa nguo mwaka 1893, tena akiwa amesitiriwa kiasi. Baada ya wale waasisi wawili, mwanamke aliyefuata kuchaguliwa mwanachama kamili alikuwa Laura Knight, mwaka 1936.

Kwa hiyo mtu akisema "mbona wachoraji wakubwa wote wa zamani ni wanaume", jibu liko kwenye picha hiyo moja. Wenye brashi waligeuzwa mapambo ya ukutani.

Sasa turuke hadi New York. Mwaka 1984 jumba la sanaa la Museum of Modern Art liliandaa maonyesho makubwa ya wachoraji na wachongaji wa wakati huo kutoka nchi nyingi. Wasanii walizidi 160, wanawake hawakufika 20. Mwaka uliofuata likazaliwa kundi la Guerrilla Girls: wanawake wanaovaa vinyago vya sokwe na kujiita majina ya wasanii wa kike waliokwishafariki, kama Frida Kahlo na Käthe Kollwitz. Silaha yao kubwa ni kuhesabu. Mwaka 1989 waliingia Metropolitan Museum (Met), jumba jingine kubwa la sanaa la jiji hilo, wakapita kwenye vyumba vya sanaa ya kisasa na kutoka na takwimu mbili: wasanii wa kike hawafiki asilimia 5, lakini asilimia 85 ya miili iliyo uchi ni ya wanawake. Wakamchukua mwanamke aliyechorwa na Mfaransa Ingres mwaka 1814, aliyejilaza katupa mgongo, wakamvika kichwa cha sokwe na kuandika kando yake swali: je, ni lazima mwanamke awe uchi ndipo aingie Met? Shirika lililoagiza kazi hiyo likaikataa. Wakalipia wenyewe nafasi kwenye mabasi ya jiji, na baadaye kampuni ya mabasi nayo ikavunja mkataba, ikidai picha haina staha. Mwili uleule uko kwenye jumba la sanaa la Louvre, Paris, na watu hupanga foleni kuuona. Kwa maoni yangu kilichosumbua ni kile kichwa kinachokutumbulia macho, na zile takwimu.

Wa mwisho kwa leo ni Cindy Sherman. Kati ya 1977 na 1980 alijipiga picha takriban 70 za nyeusi na nyeupe, kila moja kama imekatwa kutoka kwenye filamu. Filamu zenyewe hazipo. Mimi huirudia sana namba 3. Mwanamke yuko kwenye sinki la jiko, aproni kiunoni, mkono mmoja umezunguka tumbo, anageuza uso kutazama nyuma ya bega. Mbele kabisa, karibu na jicho letu, kuna chupa ya sabuni ya vyombo na mpini wa sufuria. Hakuna tukio lolote. Lakini ukitazama sekunde tano tayari umeshamtungia hadithi: kachoka, anaogopa, kuna mtu kaingia mlangoni, huenda mume. Sherman hakukuambia lolote kati ya hayo. Hadithi umeitoa kwako, kwenye akiba uliyorundikiwa na sinema na matangazo tangu utoto. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa dhana inakaa wapi hasa.

Naishia hapa nisiwachoshe. Karibuni.

#2 – Mchangiaji

Mada nzuri, nimekaa siti ya mbele. Swali moja tu mleta mada: hilo la Sherman lina tofauti gani na binti anayejipiga picha kwa simu leo, kwenye kila picha na vazi lake?

#3 – Mleta mada

Mkuu, tofauti naiona kwenye idadi na kwenye lengo. Anayejipiga kwa simu anatafuta ile picha moja itakayosema "huyu ndiye mimi, tena mimi niliyependeza". Sherman anafanya kinyume. Leo katibu muhtasi mgeni wa jiji, kesho mke anayelia, keshokutwa mwanamke kasimama barabarani usiku na sanduku lake. Ukimaliza zote huwezi kusema Sherman mwenyewe ni mtu wa namna gani, ingawa umemwona mara 70. Wigi, taa na pembe ya kamera vinatosha kumfanya "mwanamke wa aina ile". Ukishaona jinsi aina inavyotengenezwa kirahisi hivyo, ni vigumu kuendelea kuamini kwamba ni maumbile.

#4 – Mchangiaji

Nakuheshimu sana mleta mada, ila acha niseme kinachonikera. Nikifuatilia hawa wasanii wa kike wa kisasa, wengi wanavua nguo. Kama tatizo ni mwanamke kugeuzwa mwili wa kutazamwa, unalitatuaje kwa kuvua? Nauliza kwa nia njema, nataka kuelewa.

#5 – Mleta mada

Swali lako ni zito na wapo wasanii ambao kwao lina haki kabisa. Si kila aliyevua kasema kitu.

Lakini tazama alichofanya Yoko Ono mwaka 1964 huko Kyoto, kazi iitwayo Cut Piece. Alipiga magoti jukwaani akiwa na nguo yake nzuri, mkasi umewekwa mbele yake. Watu wakaalikwa wapande mmoja mmoja, wakate kipande cha nguo na waondoke nacho. Yeye hakusema neno wala hakukwepa. Mwaka 1965 aliirudia New York na ikarekodiwa. Mwanzoni watu wanakata kwa aibu, kipande kidogo kwenye mkono au pindo. Kisha anapanda kijana mmoja aliyejiamini sana, anakata shimizi, anakata hadi mikanda ya sidiria, na Ono anainua mikono kujifunika kifua. Hapo mkuu sema mwenyewe: nani kavuliwa? Mimi ninayeangalia video najiona nipo kwenye ile foleni. Mwili wa Ono ukawa kipimo cha tabia ya waliokuwa ukumbini.

Marina Abramović alilisukuma mbali zaidi Naples mwaka 1974. Aliweka mezani vitu 72, akatangaza kwamba kwa saa sita watu wanaweza kuvitumia juu yake watakavyo, na lawama zote ni zake. Kulikuwa na ua waridi, unyoya, asali. Kulikuwa pia na mkasi, kisu cha upasuaji, bastola na risasi. Walimkata nguo, walimkata ngozi, na mmoja akaipakia bastola na kumwelekezea. Saa zilipoisha, Abramović alipoanza kutembea kuwaelekea, wakakimbia. Walikuwa na ujasiri wote alipokuwa kitu. Alipokuwa mtu hawakuweza kumtazama usoni.

Kuna na ya Eleanor Antin ya mwaka 1972, kimyakimya lakini kali. Alijinyima chakula, na kila asubuhi kwa siku 37 akapigwa picha nne akiwa uchi: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Jumla picha 148, zimepangwa ukutani kwa safu kama rekodi za maabara. Akaiita uchongaji wa kijadi. Mchongaji wa kale alikuwa akimega jiwe hadi apate umbo kamili la mwanamke. Hapa jiwe ni mwanamke mwenyewe, na anajimega kwa njaa. Hakuna hata picha moja ya kutamanisha kati ya zile 148. Nadhani ndiyo kazi ninayoweza kumwonyesha yeyote anayedhani kupunguza mwili ni uamuzi wa mtu peke yake, usiohusiana na macho ya wengine.

Na wasiwasi wako, kwamba mwili unaweza kugeuzwa tena kitu cha kutazamwa tu, ni wa kweli. Mwaka 2014 Kara Walker alijenga sanamu kubwa ndani ya kiwanda cha zamani cha sukari kule Brooklyn: mwanamke mweusi mwenye umbo la Sphinx (kiumbe wa sanaa ya Misri ya kale mwenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu), kitambaa kichwani, urefu zaidi ya mita 20 kutoka mbele hadi nyuma, kapakwa sukari nyeupe. Kazi inazungumzia utumwa na mashamba ya miwa. Wageni kadhaa wakaenda kupiga picha za kejeli wakijifanya wanashika matiti na makalio yake, wakazisambaza mtandaoni. Wengi walisema kazi imeshindwa. Lakini Walker alikuwa ameweka kamera zilizowarekodi watazamaji katika saa ya mwisho ya maonyesho, na video hiyo akaitoa kama kazi nyingine. Kwangu mimi ile video ndiyo nusu ya pili ya sanamu.

#6 – Mchangiaji

Nimesoma yote kwa utulivu. Naomba kuongeza jambo ambalo mjadala huu husahau, nami linaniuma.

Tunapozungumzia "dhana kuhusu mwanamke" tunakuwa kama tunazungumzia mwanamke mmoja. Dhana ya kwamba mwanamke ni dhaifu, laini, wa kukaa ndani na kulindwa, haikuwa ya wote. Mwanamke mweusi hakuambiwa kwamba ni dhaifu. Aliambiwa ana nguvu: za kubeba, kufua, kulea watoto wa wengine, kuvumilia bila kulia. Kwa hiyo ukimchorea misuli na ngumi hujampinga mtu yeyote, umerudia kilekile alichobebeshwa. Hapo nakubaliana na mleta mada kwa asilimia mia.

Betye Saar alilielewa hili mwaka 1972. Alichukua kisanamu kilichokuwa kikiuzwa Marekani cha kushikia karatasi za kuandikia jikoni: mama mweusi mnene, mwenye tabasamu pana, yule aliyekuwa nembo ya unga wa chapati. Akakiweka ndani ya kisanduku, nyuma yake kajaza nembo hizo safu kwa safu. Ufagio wake hakumnyang'anya. Mkono mmoja ufagio, mkono wa pili bunduki. Pale palipokuwa pa karatasi kaweka picha ya yaya kabeba mtoto, na mbele ya picha hiyo ngumi nyeusi. Kazi nzima ni ndogo, unaweza kuibeba kwa mkono. Lile tabasamu hakulibadilisha hata kidogo, na ndilo linalotisha.

Mary Sibande wa Afrika Kusini alipita njia nyingine. Mama yake, bibi yake na mama wa bibi yake wote walifanya kazi za ndani. Yeye akaunda sanamu kutokana na mwili wake mwenyewe, akaiita Sophie. Sophie amevaa sare ya buluu ya mfanyakazi wa ndani, aproni nyeupe, kitambaa kichwani, lakini sare hiyo imevimba ikawa gauni la kifalme la karne ya 19, mita na mita za kitambaa. Nguo ya aina hiyo huwezi kufulia wala kudekia. Na macho ya Sophie yamefumbwa muda wote. Mnamtazama, yeye yuko kwenye ndoto zake na hana haja nanyi. Mwaka 2010 picha zake zilitundikwa zikiwa kubwa sana kwenye majengo katikati ya Johannesburg, wakapita chini yake wanawake wenye sare zilezile.

Halafu Zanele Muholi, ambaye mama yake Bester alifanya kazi ya ndani kwenye familia moja kwa miaka 42. Kwenye picha ya mwaka 2015 Muholi amejipiga mwenyewe, vibanio vya nguo vimesimama kichwani kama taji na vingine vimening'inia masikioni kama hereni. Ngozi imeongezwa weusi, macho yanakutazama moja kwa moja. Nilipoiona mara ya kwanza sikuona vibanio, niliona malkia. Vibanio nilivigundua baadaye, nikakaa kimya.

#7 – Mleta mada

Dada, umenifungulia mlango niliokuwa nautafuta. Hoja yako ya kubeba inanileta kwa Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972.

Kwenye usanifu wa Ugiriki ya kale kuna nguzo zilizochongwa kwa umbo la mwanamke, paa limekalia kichwa chake. Na katika sanaa za falme nyingi za Afrika kuna viti vya enzi ambavyo mwanamke aliyechongwa ndiye anayekibeba kiti cha mfalme. Mabara mawili, mwanamke chini ya mzigo, kapambwa vizuri ili uzito usionekane.

Sasa, uso wa mbele wa Metropolitan Museum ulikamilika mwaka 1902 ukiwa na vishubaka vilivyoachwa kwa ajili ya sanamu. Fedha hazikutosha, vikakaa vitupu zaidi ya karne. Septemba 2019 Mutu akaweka humo wanawake wanne wa shaba nyeusi, na ndio wa kwanza kuvijaza. Wamekaa. Hakuna kilicho juu ya vichwa vyao cha kubeba. Miili yao imezungushiwa mikunjo myembamba kuanzia shingoni hadi chini, kama vazi na kama kamba za deraya kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana diski inayong'aa mahali pake: mmoja mdomoni, mwingine machoni, mwingine juu ya kichwa. Jua lilipopiga, diski ilirudisha mwanga kwenye macho ya aliyepanda ngazi.

Ni jengo lilelile lililoulizwa mwaka 1989 kama mwanamke ni lazima awe uchi ndipo aingie. Hawa wanne wamevaa, wameketi, na hadi mwaka 2020 walikuwapo pale kabla hujafika mlangoni. Nimetazama picha zao mara nyingi na bado sijachoka.

#8 – Mchangiaji

Mimi nadarizi, kwa hiyo nikiona mjadala wa sanaa masikio yananisimama kwa jambo moja: kwa nini sindano na uzi viliitwa kazi za mikono na brashi ikaitwa sanaa? Jibu fupi ni kwamba sindano ilikuwa kwenye mkono wa mwanamke.

Judy Chicago alitumia hoja hiyo kwenye The Dinner Party, aliyoitengeneza kati ya 1974 na 1979 na mamia ya watu waliojitolea. Meza ya pembetatu, nafasi 39 za wanawake wa historia, kila mmoja na sahani ya kauri na kitambaa kilichodariziwa kwa mtindo wa zama zake, na majina mengine 999 kwenye vigae vya sakafu. Tangu 2007 ina chumba chake cha kudumu Brooklyn Museum. Ukiangalia mishono yake kwa karibu unajua kabisa kuna watu waliacha macho yao pale.

Lakini alichosema dada wa #6 kimo hata humo. Kati ya wageni 39, mwanamke mweusi wa Marekani ni mmoja tu, Sojourner Truth, aliyekuwa mtumwa kisha akapigania uhuru wa watumwa na haki za wanawake. Sahani nyingi zina umbo la ua au kipepeo linalorejelea uke. Yake ina nyuso tatu. Waandishi weusi waliliona hilo mapema wakauliza: huyu yeye hakuwa na mwili? Hata meza ya kuwaenzi wanawake ilikuja na dhana zake.

Ghada Amer, aliyezaliwa Misri, naye aingie kwenye orodha. Anadarizi kwenye turubai miili ya wanawake iliyotolewa kwenye magazeti ya ngono ya wanaume, kisha anaziacha nyuzi zining'inie ndefu na kujifunga hadi picha inafichika. Ukiwa mbali unaona rangi zimemwagika tu. Lazima usogee, na ukisogea unajikuta unachungulia.

#9 – Mchangiaji

Yote mazuri. Ila nawauliza kwa dhati: kuna kilichobadilika? Isiwe tunasifia kazi ambazo wanaziona watu walewale wachache.

#10 – Mleta mada

Swali la haki, na majibu yake hayafurahishi yote.

Guerrilla Girls walirudi Met mwaka 2012 kuhesabu upya. Miili ya uchi ya wanawake ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 85 hadi 76. Wasanii wa kike? Hawakufika asilimia 4. Pungufu ya mwaka 1989.

Kwenye mnada: Oktoba 2018 mchoro wa Jenny Saville uitwao Propped uliuzwa London kwa pauni milioni 9.5, rekodi ya wakati huo kwa msanii wa kike aliye hai. Ni mwanamke mkubwa wa mwili, kakaa juu ya kigoda kidogo, kucha zimezama kwenye nyama ya mapaja yake. Mwezi mmoja baadaye mchoro wa David Hockney ukauzwa New York kwa dola milioni 90.3. Soko bado lina kipimo chake.

Upande wa pili, Tuzo ya Turner ya Uingereza ilikuwa na sharti kwamba msanii asizidi miaka 50. Sharti kama hilo linamuumiza zaidi mtu aliyesimamisha kazi miaka kumi alee watoto, au aliyepuuzwa ujana wake wote. Liliondolewa mwaka 2017, na mwaka huohuo akashinda Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Alikuwa akichora tangu miaka ya 1980. Na maonyesho makuu ya Biennale ya Venice, tamasha la sanaa la kimataifa huko Italia, mwaka 2022 yalikuwa na wanawake wengi kuliko wanaume, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye historia yake ndefu.

Kwa hiyo milango imefunguka kidogo. Je, mtu ambaye hajawahi kukanyaga jumba la sanaa anaguswa? Naamini ndiyo, kwa njia ya mzunguko, maana matangazo, video za muziki na mitindo huchota huko kila siku. Lakini vinachota umbo na kuacha swali, na hilo linanisikitisha.

#11 – Mchangiaji

Nami niseme kama mwanamume, maana naona wenzangu wanapita kimya.

Iliyonikalia kichwani ni Turbulent ya Shirin Neshat, Mwirani anayeishi Marekani, ya mwaka 1998. Ni skrini mbili zinazotazamana, nawe umesimama katikati. Upande mmoja mwanamume mwenye shati jeupe anaimba shairi la mapenzi la Rumi, mshairi wa kale wa Kiajemi, nyuma yake ukumbi umejaa wanaume, wanampigia makofi. Upande wa pili mwanamke kajifunika, ametupa mgongo, mbele yake viti vitupu, kwa sababu Iran baada ya 1979 mwanamke hakuruhusiwa kuimba peke yake mbele ya wanaume. Mwanamume akimaliza, mwanamke anaanza. Hatumii maneno. Ni sauti tu: mguno, mnong'ono, kilio, pumzi, inapanda na kushuka, na kamera inaanza kumzunguka. Yule mwimbaji na wasikilizaji wake wote wamebaki wanatazama ng'ambo, midomo imewafunga.

Mimi nilijiona kwenye lile shati jeupe. Yule bwana hajafanya kosa, anaimba vizuri kabisa. Lakini wimbo aliopewa ulikuwa umeshapangwa, makofi yalikuwa yameshapangwa. Aliyezuiwa ndiye aliyelazimika kubuni kitu ambacho hakijawahi kusikika.

#12 – Mchangiaji

Mleta mada, kwa sisi tusio wataalamu tuanzie wapi? Kazi moja au mbili, zisizohitaji kusoma vitabu kwanza.

#13 – Mleta mada

Kwanza nimshukuru ndugu wa #11, amesema kitu nilichoshindwa kukisema.

Nakupa mbili, zote za kazi za nyumbani, maana hapo ndipo dhana ilipojificha vizuri zaidi.

Ya kwanza ni ya Mierle Laderman Ukeles. Alijifungua mwaka 1968, akaona ghafla kwamba muda wake wote unakwenda kwenye kufua, kulisha na kupanga, na hakuna anayemwita tena msanii. Mwaka 1969 akaandika tamko: kusafisha, kupika na kutunza kuanzia sasa vitakuwa sanaa yake, naye atavifanya mbele ya watu. Mwaka 1973 akapiga magoti kwenye ngazi za jumba la sanaa la Wadsworth Atheneum, Connecticut, akazisugua kwa maji na matambara kwa saa kadhaa, wageni wakipita na kuzichafua tena. Kisha kati ya 1979 na 1980 akazunguka jiji zima la New York, akawapa mkono wazoa taka wote 8,500, mmoja mmoja, akimshukuru kila mmoja kwa kuliweka jiji hai. Walikuwa karibu wote wanaume. Hilo ndilo lililonivutia: aliona kwamba dharau anayopata mama anayedeki na dharau anayopata mzoa taka ni moja. Inatoka kwa watu wanaotaka usafi uwepo bila kumwona aliyeuleta.

Ya pili ni video ya Martha Rosler ya mwaka 1975, Semiotics of the Kitchen. Ina dakika sita na ushee, tafuta uitazame leo. Rosler kasimama jikoni, kamera imetulia kama kwenye vipindi vya mapishi vya televisheni. Anavaa aproni, kisha anataja vyombo kwa mpangilio wa alfabeti, kimoja kimoja, huku akionyesha matumizi yake. Uso mkavu, hatabasamu hata mara moja. Bakuli anakoroga bila kitu ndani. Uma anauchoma hewani. Upawa anauchotea mchuzi usiokuwapo na kuumwaga kando. Kila herufi inavyosonga ndivyo mkono unavyozidi ukali, wakati sauti inabaki ileile ya mwalimu. Karibu na mwisho vyombo vinaisha, anabaki na kisu na uma mikononi, na herufi zilizosalia anaziandika hewani kwa mwili wake.

Ukimaliza kuitazama rudi hapa utuambie: ulicheka wapi, na uliacha kucheka kwenye herufi gani. Mimi niliacha kwenye uma.